Maji ya Nyumba Iliyofungwa

Maji ya mvua yaliniishia Jumatano jioni. Kama yasingeniishia, leo ningekuwa namkemea mwanangu aache kurukaruka kwenye kochi.

Najua utauliza: mtu ana bomba ndani ya nyumba, anahangaikia maji ya mvua ya nini? Hata fundi cherehani, jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu, aliuliza hivyohivyo aliponiona natoka na madumu mawili.

"Mama Kishindo, hao samaki watakumaliza. Ukiwakaanga wote hawajazi kijiko."

"Shona mapindo yako, Fundi. Niache na familia yangu."

Alicheka, nami nikacheka. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi.

Samaki wangu ni vibete. Ni ukoo mmoja na perege, ila dume mkubwa hazidi kidole cha kati na jike ni nusu yake. Kwenye maji ya bomba wanaishi, lakini hawazai. Mayai yanaota ukungu. Wanataka maji laini ya mvua, yaliyolowekwa majani makavu mpaka yakawa na rangi ya chai. Ukiwapatia hayo, jike anaingia ndani ya kifuu cha nazi nilichokifudikiza ndani ya tangi la kioo, anataga mayai kwenye dari lake, kisha anabadilika rangi. Anakuwa njano kali, na dume akithubutu kusogea anafukuzwa kama mwizi.

Umama wao ndio ulioniteka. Jioni, kabla sijazima taa, jike hutikisa mwili mara moja, mtikisiko mdogo tu wa bega kama samaki angekuwa na bega, na kundi zima la watoto humfuata ndani ya kifuu. Akiona hatari anatikisa kwa namna nyingine, na watoto wote huanguka chini na kutulia tuli mchangani. Asiyejua atadhani tangi halina mtoto hata mmoja. Nilikuwa naweza kukaa mbele ya kile kioo mpaka chakula kikaungua jikoni.

Mimi mwenyewe nina mtoto mmoja tu. Nilimpata baada ya mimba mbili kuharibika, wakati ndugu wa mume wangu walikuwa wamekwisha kuanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Tulimpa jina la utani Kishindo kwa sababu hajui kutembea. Anakimbia tu, na miguu yake unaisikia kabla hujamwona. Baba yake ni dereva wa lori la masafa marefu, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tulikuwa wawili: mimi na Kishindo. Asubuhi tunafungua kibanda changu cha kupiga picha za paspoti hapo mbele ya nyumba, jioni tunawalisha samaki. Huyo mtoto ndiye roho yangu. Nalisema hili mapema ili uelewe yatakayofuata.

Kiangazi kilikuwa kirefu. Ndoo zangu zote za mvua zilikuwa zimekauka. Lakini mwisho wa mtaa wetu kuna nyumba iliyofungwa tangu sijahamia hapa, na chini ya mfereji wa paa lake kuna pipa la chuma ambalo, sijui kwa nini, lilikuwa na maji wakati wote. Geti lina kufuli lililoshikana kutu. Ukuta wa upande umebomoka.

Tukapita hapo. Kishindo alinitangulia akipiga teke dumu lake dogo.

Jua lilikuwa limezama, mwanga bado upo.

Mwanamke alikuwa amechuchumaa kando ya pipa.

Nilishtuka, lakini si sana. Nilidhani na yeye amekuja kuchota. Amejitanda kitambaa kilichopauka, na mgongoni amebeba mtoto aliyefunikwa gubigubi, hata kisigino hakionekani. Kulikuwa na harufu. Naijua harufu hiyo; ndiyo inayotoka chini ya tangi ninapofyonza uchafu kwa mpira... majani yaliyooza na tope la siku nyingi.

"Habari za jioni, dada," nikamsalimia.

"Chota," akasema. Alinong'ona, kama mtu aliye chumba kimoja na mgonjwa.

Nikaanza kuchota. Maji yalikuwa mazuri mno, ya rangi ya chai tayari, na ya baridi kuliko jioni yenyewe.

"Ya nini?" akauliza.

"Ya samaki. Nafuga samaki wa kwenye kioo."

"Wanazaa?"

Mtu akiniuliza habari za samaki, sijui kunyamaza. Katika mtaa mzima hakuna aliyewahi kuniuliza ila kwa kunicheka. Nikamweleza habari za vifuu, rangi ya njano, jinsi jike anavyokusanya watoto magharibi. Alisikiliza bila kupepesa macho. Kisha akauliza, taratibu sana:

"Aliyepotelewa na watoto... anafanyaje?"

"Anakusanya chochote, maskini. Niliwahi kumwona mmoja akichunga wadudu wa chakula niliomwekea. Badala ya kuwala akawalinda, anawakusanya, anawaingiza kifuuni kila jioni mpaka wakafa."

"Humsaidii?"

"Namsaidia. Nikiwa na watoto wa jike mwingine, nasubiri giza. Nazima taa, nawafyonza kwa mpira, nawamwaga ndani ya kifuu chake. Taa zikiwaka anakuta watoto. Basi, ni wake."

"Hajui?"

"Samaki hajui kuhesabu, dada. Anajua kukusanya tu."

"Na yule uliyemnyang'anya?"

Swali hilo sikulipenda, lakini nikajibu. "Naye nikiwa na wengine namwekea. Naye hajui."

 Maji yalikuwa yakidondoka mahali fulani. Tone... tone...

"Lazima giza," akasema.

"Ndiyo. Lazima giza."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mtoto wa mgongoni hajasogea tangu tulipofika. Watoto hata wakilala wanajinyonganyonga. "Kalala?" nikauliza, ili kuvunja tu ukimya.

"Halali. Ametulia." Akaliweka sawa fundo la kitambaa kifuani. "Si wangu."

Nikajua ni mtoto wa ndugu. Wangapi tunalea watoto wa ndugu? Nikamwambia Mungu atamlipa.  Yeye alikuwa anamtazama Kishindo, aliyekuwa akizunguka pipa mbio, na dumu linapiga kelele kwenye mawe.

Akatikisa bega. Mara moja tu. Mtikisiko mdogo.

Kishindo akaanguka.

Hakujikwaa. Alijilaza kifudifudi kwenye majani makavu, mikono ubavuni, akatulia tuli. Dumu likaendelea kubiringika peke yake, kisha nalo likanyamaza.

Niliacha madumu nikamwinua. Hakuwa na hata mchubuko. "Umefanya nini, wewe?"

"Nilijificha," akasema.

Nilipogeuka, mwanamke alikuwa anaondoka kuelekea nyuma ya nyumba, na mgongo wake, kwenye mwanga ule hafifu, ulionekana una nundu kubwa kuliko mtoto. Sikumwaga yale maji. Mtu mwenye akili angeyamwaga. Mimi niliyabeba mpaka nyumbani, dumu mkono huu, dumu mkono huu, nikayatia kwenye tangi.

Ijumaa, nilipofunga kibanda na kuingia sebuleni, majike wangu wote walikuwa njano.

Wote. Hata wale wadogo ambao bado hawajafikia kutaga. Kila mmoja amekaa mbele ya kifuu chake, mapezi yamesimama, anapepea maji kuingiza ndani kama wanavyopepea mayai. Furaha ilinipanda, nikachukua kitochi cha kibandani nikamulika kifuu cha kwanza.

Hakikuwa na kitu.

Cha pili... kitupu. Cha tatu kitupu. Walikuwa wanalinda vifuu vitupu, na kila nilipomulika, jike alijitupa kwenye kioo kunishambulia jicho. Dume alikuwa amejibana kwenye kona ya juu, rangi imemtoka, anahema.

Nilisema ni maji mapya, yamewachanganya. Kitochi kikaanza kufifia, betri zake kuukuu. Kishindo alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya tangi, anawatazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa akirukaruka. Mlango wa mbele nilikuwa nimeurudishia tu. Jioni jirani huingia, huwa sifungi.

Umeme ukakatika.

Kitu cha kwanza kinachomjia mfugaji umeme ukikatika ni pampu ya hewa. Ule mlio wa mapovu ukinyamaza, unausikia ukimya wake mpaka kwenye meno. "Kishindo, kaa hapohapo," nikasema. "Mama analeta simu tumulike." Simu ilikuwa chumbani. Nikapapasa ukuta, nikafika mlango wa chumba, mkono ukagusa kitasa.

Mlango wa mbele ulilia.

Nikadhani ni Fundi. "Fundi?" nikaita. "Na kwako umekatika?"

 Mtu alikuwa ameingia. Nilisikia nyayo zilizolowa zikibanduka sakafuni... pa... pa... pa... Nayo ile harufu ikanifikia, tope na majani, nzito mpaka nikaihisi ulimini.

"Nani?"

Zikasimama. Kisha nikasikia kitambaa kikivutwa, kama mtu anayefungua fundo.

Nikajua. Sijui nilijuaje, lakini nilijua yote kwa mara moja, na woga ulionipata sijawahi kuupata wala simwombei adui.   Mbele yangu, gizani, mwili wa mtoto ukajilaza sakafuni. Pu.

Alikuwa ametikisiwa bega.

Nilijitupa. Niligonga meza, nikaanguka, nikatambaa kwa mikono na magoti kwenye sakafu iliyolowa, napapasa, nalia bila sauti, napapasa. Mkeka. Ukingo wa mkeka. Nikagusa mguu mdogo nikauvuta. Nikagusa, kwa mkono mwingine, mguu mwingine mdogo.

Miguu miwili. Ndiyo, mtoto ana miguu miwili. Ila huu ulikuwa upande wa pili wa mkeka.

Mmoja ukaniponyoka. Uliondoka, haraka, kama unaovutwa. Mwingine nikaung'ang'ania, nikamvuta mtoto mpaka kifuani, nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote.

"Ni wewe? Kishindo! Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Nywele zake zilikuwa na maji.

Nyayo zikaondoka. Pa... pa... pa... Mlango ukalia. Na huko nje, sauti ikizidi kwenda mbali, nilisikia mtoto akiguna chini ya kitambaa, kama anayetaka kusema na mdomo umezibwa. Nilijiambia ni paka. Nilijiambia ni mtoto wa Fundi. Nilimkumbatia niliyenaye nikajiambia mengi.

Umeme uliporudi, alikuwa mapajani mwangu, macho wazi, ananitazama. Gauni ni lile. Alama nyeusi chini ya sikio ni ileile. Jino la mbele lililokatika ncha, ni lilelile. Sakafu ilikuwa na maji kuanzia mlangoni hadi kwenye mkeka. Nikatazama tangi: njano yote ilikuwa imewatoka majike, wanaogelea tu kama samaki wa sokoni, hakuna anayelinda chochote.

Nikapiga deki. Ungefanya nini?

Tangu hapo mwanangu ametulia. Ndivyo wanavyosema watu. Hakimbii. Hapigi kelele. Ninapotembea yuko nyuma yangu, umbali wa mkono. Nikigeuka naye anageuka. Jua likianza kuzama anaingia ndani mwenyewe bila kuitwa. Chakula anamaliza. Mama mkwe, aliyekuwa akinilaumu kwamba namdekeza, alikuja akakaa naye kutwa nzima, akaondoka anamshukuru Mungu. "Sasa ndiyo mtoto," akasema. "Ulimfanyaje?"

Nilimpigia baba yake.

"Mtoto hayuko sawa."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Hali?"

"Anakula. Amekuwa mtulivu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, watu wanaomba utulivu, wewe unaushtaki? Nipe niongee naye." Nikampa simu. "Baba," akasema kwa sauti tamu, kila neno limekamilika, "unakuja lini? Tumekukumbuka." Baba yake aliporudi kuongea nami, sauti ilikuwa imelegea kwa furaha. Akasema, jinsi anavyotamka! Atakuja Jumamosi na zawadi.

Kazi yangu ni nyuso. Kutwa nzima natazama nyuso, naambiwa watu wanafanana na ndugu zao, naona wasichokiona wenyewe. Kwa hiyo nilimchukua kibandani, nikamkalisha kwenye kiti, nikampiga picha. Nikaitoa, nikaiweka mezani pamoja na picha zake zote za zamani. Nikapima kwa macho: umbali wa macho, sikio, pembe ya mdomo. Ni yeye. Hakuna hata unywele wa tofauti.

Isipokuwa picha za zamani zote zimetikisika. Kishindo hajawahi kukaa kiti kile mpaka nikabonyeza. Katika nyingine ni pua na ukungu tu. Hii mpya ilikuwa safi kama ya marehemu ukutani.

Niliinua macho. Alikuwa bado amekaa kitini, hajapumzisha uso, anasubiri nimwambie kwamba basi.

Jioni hiyo nilivuka kwa Fundi. Mtoto alibaki mlangoni, hatua moja nyuma yangu, kwa hiyo nilizungumza chini.

"Fundi, ile nyumba iliyofungwa. Waliishi kina nani?"

Mguu wake ulisimama kwenye cherehani. "Mbona?"

"Niambie tu."

"Mtu na mkewe, na mtoto wao mmoja. Watu wazuri. Nilimshonea mama yule sare za kazi." Akashusha sauti. "Baadaye akaharibikiwa akili. Akawa anasema mtoto si wake. Mtoto ni yuleyule, sote tunamwona, anasema si wake. Mumewe akahangaika, akaleta daktari, akaleta mganga. Wapi! Jioni moja akatoka amembeba mgongoni, anasema anamrudisha alikotoka, naye apewe wake."

"Halafu?"

"Hakurudi. Mume akafunga nyumba, akahama. Ni zamani sana hiyo. Mwanangu mkubwa alikuwa ananyonya, leo ana ndevu."

"Kwa hiyo yule mtoto angekuwa..."

"Mtu mzima." Akamtazama mtoto mlangoni, akanitazama mimi. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Mama Kishindo, alikuwa anamtazama hivyohivyo."

"Hivyohivyo vipi?"

"Kama unavyomtazama wako."

Nilirudi nyumbani. Niliyaona yote mbele yangu. Nikisema, nitakuwa yule mwanamke: wataleta daktari, wataleta mganga, mume wangu atalia, na mwisho watanifungia mlango. Nikinyamaza, mwanangu yuko huko, kwenye tope, anakusanywa na mwenda wazimu asiyelala. Na kila siku niliyokuwa nikijiuliza, yeye alikuwa huko.

Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata, kesho yake baba yake akitarajiwa, nilipiga moyo konde. Kabla jua halijazama nilimvisha viatu mtoto aliyekuwa nyumbani mwangu, nikamshika mkono.

"Tunaenda wapi, mama?"

"Kuchota maji."

"Hujachukua dumu."

 Alinifuata bila kusita, kiganja chake kimetulia ndani ya changu kama kitu nilichookota. Mtaani watu walinisalimia, nikawaitikia. Mwanamke mmoja alimsifia viatu.

Tukapita kwenye ukuta uliobomoka.

Alikuwepo.

Kishindo wangu alikuwa kando ya pipa, peke yake, anapiga teke kopo. Gauni limechanika upindo. Magoti yana tope, nywele zimefumuka zote na zimejaa vijani. Amekonda, lakini ni yeye, Mungu wangu, ni yeye, hakutulia hata sekunde: anapiga kopo, analikimbilia, anaanguka, anainuka anacheka mwenyewe. Nilisahau woga wote. Nilisahau niliyemshika. Nikamwachia mkono, nikakimbia.

"Kishindo! Mwanangu!"

Akageuka.

Nilitegemea nini? Nilitegemea anitazame anavyonitazama nikirudi sokoni. Nilikuwa nimekwisha fungua mikono yote miwili.

Uso wake ulikunjamana. Alirudi nyuma hatua moja, akagonga pipa. Macho yakamtoka. Nazijua nyuso, na ule haukuwa uso wa mtoto aliyekasirika wala aliyesusa. Alikuwa anamtazama mtu asiyemjua, mtu mzima mgeni, amenyoosha mikono, anamjia mbio.

"Mama!" akapiga yowe.

"Ni mimi! Mama yuko hapa!"

"Mama!" Akageuka, akakimbia kuelekea nyuma ya nyumba, analia kwa sauti yote. "Mama! Mama, kuna mtu ananifukuza!"

Nilisimama.

Nyuma ya ukuta ule, sauti ya kunong'ona ikamwitikia. "Njoo, mwanangu. Njoo. Usiogope."

Kilio kikanyamaza palepale, kama cha mtoto aliyebebwa.

Ningeweza kumfuata. Nimejiuliza sana, na najua ningeweza. Ni mita chache tu, kona moja. Miguu yangu ilikuwa mizima. Lakini bado nilikuwa nasikia lile yowe, nalisikia hata sasa, na kila nilipoinua mguu niliona tena ule uso.

Nyuma yangu kiganja kidogo kikaingia taratibu ndani ya changu.

"Twende nyumbani, mama," akasema. "Giza linaingia."

Sikutaka kumtisha mwanangu zaidi. Nikamshika mkono huyu, tukarudi nyumbani.